Jicho la Uani

Tulipoachana wiki jana, Filsan alikuwa amesimama uani na beseni la nguo mikononi, ameikodolea macho kamera ya ukutani. Kamera ile kazi yake ni kulitazama lango, na mchana ule ilikuwa imegeuza shingo yenyewe. Ilipita juu ya tangi la maji, ikapita juu ya mbuzi wa mama mkwe wake, kisha ikasimama. Ilikuwa inautazama mlango wa stoo.

Na ndani ya stoo, wasomaji wangu, alikuwemo Mulki.

Wale mlioniandikia kwamba ni jua la Garissa tu limeharibu mashine, poleni. Jua linaunguza kila kitu sawasawa, halina habari na mlango wa mtu.

Filsan hakupiga kelele. Aliweka beseni chini, akachukua shuka lililolowa maji, akalirusha juu ya kamera mpaka likaifunika. Kisha akausogelea mlango wa stoo kama mtu anayeenda kuchukua mchele.

"Mulki. Usitoke. Hata ukisikia naita jina lako kwa sauti, usitoke mpaka nije mwenyewe nikugongee."

"Kuna nini, abaayo?" Sauti ya ndani ilikuwa ndogo.

"Kaa tu, dada yangu."

Kwa aliyeletewa gazeti hili leo likiwa limefungia sukari, nieleze upesi ili tuende pamoja. Mulki ni mdogo wake Filsan. Mwezi uliopita aliomba lifti ya lori la mifugo kutoka Buna. Dereva alikuwa mtu wa Nyeri aitwaye Ndirangu, na wanaume wenye bunduki waliwasimamisha njiani. Ndirangu alimsukuma Mulki nje kwa mlango wa pili kabla hajafungua wake. Msichana akalala chini ya kichaka, akaona dereva akiuawa na mbuzi wakichukuliwa.

Mmoja wa wale watu ameshikwa. Ni Najib, mfanyabiashara wa mifugo ambaye jina lake linajulikana kutoka Buna mpaka hapa mjini. Jumatatu Mulki atasimama mahakamani Garissa amwonyeshe kwa kidole. Asipofika, Najib anarudi nyumbani kwake na kesi inakufa. Na sote tunajua shahidi asiyefika hupatikana wapi.

Zilpah, afisa wa upelelezi, alitaka kumficha Mulki katika nyumba ya polisi. Mulki alikataa. Alisema anataka kwa dada yake, Bulla Iftin, na akatoa sharti moja: mtu yeyote asiyekuwemo nyumbani asiambiwe, hata shemeji Deeq, mume wa Filsan, aliyekuwa mbali huko Bute kwa biashara ya ng'ombe. Filsan alilikubali sharti hilo bila kuuliza mengi. Alidhani ni woga tu.

Sasa kuna mtu ameuona mlango wa stoo.

*

Mwenda alishuka kwenye tuk-tuk na mkoba wake begani, jasho likimtiririka kama mtu wa Meru yeyote anayekanyaga Garissa saa tisa mchana. Yeye ndiye aliyeiwekea mtandao nusu ya mtaa ule. Kwa Filsan aliweka intaneti ya kasi, kwa sababu Filsan hufanya kazi nyumbani: hutafsiri kwa simu baina ya madaktari wa ng'ambo na wagonjwa wao Wasomali. Kamera pia aliziweka Mwenda, baada ya jirani kuibiwa.

"Nani mwingine anaendesha hizi kamera kwa simu yake?" aliuliza hata kabla ya kuketi.

"Mimi peke yangu."

"Na mzee wa nyumba?"

"Deeq hazipendi. Alisema mwanamume hachungwi kwake."

Mwenda alicheka kidogo, akaketi kwenye zulia chini ya kabati la vyombo lililobeba ruta, akafungua kompyuta magotini. Alibonyeza, akasoma. Akabonyeza tena. Kicheko kilimwondoka usoni.

"Madam, fayawoli ya hapa niliifunga mimi mwenyewe. Ni askari wa geti. Kitu chochote kinachotoka nje kuja ndani bila kuitwa, anakirudisha."

"Na sasa?"

"Sasa geti liko wazi. Kuna njia imetobolewa kutoka mtandaoni mpaka kwa kamera zako. Mwenye anwani yake anaangalia uani kwako akiwa popote duniani, na anaigeuza kamera atakavyo."

"Wameivunja?"

"Hakuna kilichovunjwa. Mtu aliingia kwenye ruta na paswedi yako, hakukosea hata herufi moja. Akafungua, akatoka." Mwenda alifuta jasho kwa mkono wa shati. "Na aliingia akiwa humu ndani. Hii ruta haikubali kubadilishwa na mtu aliye mbali. Ni lazima awe kwa waifai ya nyumba. Ilikuwa Alhamisi mchana."

 Alhamisi mchana alikuwa Soko Mugdi akinunua nyama. Nyumbani walibaki Mulki na mama mkwe.

Halafu wazo jingine likamjia, baya kuliko la kwanza. Alisimama akaenda kujiweka baina ya Mwenda na mlango.

"Ile paswedi inajulikana na watu wawili," alisema taratibu. "Mimi na wewe."

Mwenda aliinua kichwa. "Unanishuku mimi?"

"Nakuuliza."

"Alhamisi nilikuwa Dadaab, naweka waya kwa shule. Piga simu uwaulize. Shika kompyuta yangu, shika simu yangu, hii hapa." Aliziweka zote juu ya zulia, akavuka mikono kifuani. Ameudhika, na ana haki.

"Nyinyi iko watatu," ilisema sauti mlangoni.

Alikuwa Arbia, mama yake Deeq, na sinia ya chai. Aliitua kwa utulivu mbele ya fundi. Kisomali hakina herufi p, naye huisema b.

"Mimi bia najua hiyo basiwedi. Nilibea mgeni."

Filsan alimgeukia. "Mgeni gani?"

Nao wakaingia Kisomali, na mimi nawawekea kwa lugha yetu.

"Mgeni wa Alhamisi," alisema Arbia. "Kijana mwenye adabu, hakunitazama usoni hata mara moja. Alileta salamu za Deeq kutoka Bute. Nilimpa maziwa ya ngamia, akanywa, akaniomba waifai awaambie watu wake amefika. Nikampa."

"Hooyo, mama yangu, ulimpa ipi?"

"Ya nyumba."

Mwenda alikuwa amelishika neno waifai. "Mama, iko ile ya wageni. Nilikuonyesha mimi mwenyewe. Mgeni akija, unampa ile."

Arbia alimgeukia kwa Kiswahili chake, na kidevu juu. "Ile iko bolebole. Inazunguka, inazunguka. Mtu anatoka safari, nabea yeye kitu ya nyuma? Sisi tunakula kitu nzuri, yeye nabea makombo? Hiyo ni aibu, mtoto yangu. Watu ya Bute watasema Arbia amekuwa bahili."

Fundi alirudi kwenye kompyuta yake. Kwao Meru pia kuna akina mama, na anajua mahali pa kukomea.

Msicheke, nyinyi mlioko Eastleigh na Mombasa. Nani kwenu amewahi kumwambia mgeni kwamba kuna intaneti mbili ndani, na yake ni ile mbovu? Mwenda aliitengeneza ile ya wageni ili mgeni azururie kule kando, asikaribie kamera wala kompyuta ya kazi. Kwa fundi huo ni usalama. Arbia aliuona kama kumlaza mgeni nje na kitanda kipo.

Na jambo lenyewe lilikuwa rahisi mno. Paswedi ile Filsan aliitunga kwa majina ya ukoo wa mumewe, Deeq Sugow Bare Awil, yakiwa yameunganishwa, ili mama mkwe asiisahau siku ya dharura. Mtoto wa miaka saba wa Kisomali hutaja babu zake bila kusimama kumeza mate. Neno lile lile likafungua waifai, likafungua ruta, likafungua kamera. Mwenda alikwisha kumwonya. Filsan alisema atabadilisha baada ya Idd, na Idd ikapita.

"Mimi nilianza tu," aliendelea Arbia kwa Kisomali, sasa akihisi kwamba kuna jambo. "Nikataja Deeq, nikataja Sugow. Mengine aliyamaliza yeye. Alimtaja hata Bare kwa lile jina la utani la humu ndani. Mtu anayewajua wazee wetu hivyo ni mgeni kweli?"

"Ulimwambia kuhusu Mulki?"

"Astaghfirullah. Uliniambia nifunge mdomo, nikaufunga."

Filsan aliketi. Alimwonea huruma mama yule, na papo hapo alitamani kumtikisa mabega. Ulinzi wote wa fayawoli ulikwisha kwa kikombe kimoja cha maziwa. Na yule kijana aliyajuaje majina ya utani ya nyumba hii?

"Ni tapeli," alisema mwishowe. "Mtu wa Najib. Amemtaja mume wangu ili aaminiwe."

"Basi tumfungie nje," alisema Mwenda.

*

Vidole vya Mwenda vilikwenda mbio. Aliiziba ile njia kwenye fayawoli. Akaiambia ruta isipokee amri kutoka kifaa chochote ila kompyuta yake. Kisha akamsogezea Filsan kibodi.

"Weka paswedi mpya ya waifai. Usiweke jina la babu, wala la mtoto, wala la mbuzi. Weka kitu ambacho hata mimi siwezi kukijua."

Mwenda aligeukia ukuta. Filsan aliandika maneno yasiyohusiana kabisa, akayarudia, akabonyeza. Taa za ruta zikazimika, zikawaka tena moja moja.

Arbia alikuwa bado amesimama. "Niambie na mimi, nisije nikahitaji."

"Hooyo, hii sitakuambia."

"Nyumba ya mwanangu ina siri kwangu?"

Jibu lolote lingekuwa jeuri. Arbia alichukua sinia akaenda uani kwa mbuzi wake. Kwa mwendo wake ulijua ameumia.

Hapo simu ya Filsan ikalia. Ulikuwa ujumbe wa Deeq.

*Mmebadilisha paswedi ya nyumbani? Nitumie mpya.*

Moyo wa Filsan ulilegea. Siku kadhaa mume alikuwa kimya kule Bute, na sasa, katika mchana huu mbaya, jina lake lilikuwa pale kwenye kioo. Alitaka kumwambia yote. Akakumbuka sharti la Mulki, akajizuia. Aliandika ile paswedi, akaongeza kwamba wamemkumbuka, akatuma.

Alitia simu mfukoni. Aliona raha kidogo, ya kwanza tangu adhuhuri.

Mwenda aliliondoa shuka kwenye kamera, akaigeuza itazame lango kama kawaida. Alirudi ndani, akaitazama ruta kama mtu anayemtazama mbwa aliyekwisha kumuuma.

"Nitafanya na hili," alisema, akaushika waya wa intaneti unaoingia kutoka nje na kuuchomoa. Taa moja ikageuka nyekundu. "Kaeni bila intaneti siku mbili tatu. Sasa nyumba hii haina uhusiano na dunia. Hata awe mchawi, hana pa kupita."

Filsan alicheka kwa uchovu. Mwenda naye akaikumbuka chai yake, akanywa, akaanza kumweleza kwamba hata kwa yule mteja wake wa Madogo aliwahi...

Kutoka uani kulisikika mlio mdogo. Krrr.

Mwenda alisimamisha kikombe hewani.

Krrr.

Walitoka pamoja. Kamera iliondoka kwenye lango. Ilipita juu ya tangi, ikapita juu ya mbuzi na juu ya Arbia aliyekuwa ameinama kuwapa maji. Haikuwa na haraka. Ilisimama kwenye mlango wa stoo, ikatulia.

"Lakini waya..." alisema Filsan.

Waya ulikuwa bado mkononi mwa Mwenda. Alikuwa ameuvuta akatoka nao bila kujua, na ncha yake ilikuwa inaning'inia miguuni pake.

*

"Nimekuwa mjinga," Mwenda alinong'ona walipokuwa wameifunika tena kamera na kurudi ndani. "Paswedi ya kamera zenyewe sikuibadilisha. Nilidhani nikiifunga nyumba inatosha."

"Lakini ulisema hana pa kupita."

"Hana, kama anakuja kwa njia ya intaneti. Huyu haji kwa njia hiyo. Amejiunga na waifai, kama simu yako ilivyojiunga." Alimtazama. "Waifai yenu inafika wapi?"

"Mpaka langoni. Ukisimama barabarani karibu na ukuta, unaipata."

"Basi yuko hapo."

Filsan aliangalia dirishani. Aliona ukuta, na juu yake mwanga mkali wa mchana. Sauti za barabarani zilikuwa zile zile, tuk-tuk na watoto, na mtu mmoja akijadili bei ya mkaa.

"Madam, ile paswedi mpya umempa nani?"

"Hakuna."

"Fikiria."

"Nimesema hakuna. Ni Deeq tu, mume wangu, naye yuko Bute."

"Ulimpa kwa nini?"

"Aliniomba." Alimpa simu asome, kwa sababu hakuwa na la kuficha.

Mwenda aliusoma ule ujumbe. Ni mstari mmoja, lakini aliusoma kwa muda mrefu sana. Alipoongea, sauti yake ilikuwa ya mtu anayeleta habari za msiba.

"Nani alimwambia tumebadilisha?"

Filsan aliwahesabu watu wa nyumba. Arbia hana simu ya ujumbe. Mulki alikuwa stoo bila simu. Yeye mwenyewe hakumwambia.

"Nauliza kwa sababu simu haiwezi kujua paswedi imebadilika," alisema Mwenda. "Inajua ikijaribu kuingia ikakataliwa. Na kujaribu, ni lazima iwe karibu na ruta. Mtu aliye Bute hana habari na waifai ya Bulla Iftin, na hata ukimpa paswedi hana atakachoifanyia."

Wasomaji, nilimwona Filsan akituma ujumbe ule, nami nikanyamaza. Mlitaka nifanyeje?

Mwenda aligeuza kompyuta ili naye aone. Ruta huonyesha jina la kila simu iliyomo. Ya Filsan ilikuwepo. Ya pili ilijiita kwa jina la mwenyewe, kama Filsan alivyoiandika kwa mkono wake siku alipomnunulia mumewe simu ile: Deeq.

"Itoe," alisema Filsan.

"Madam..."

"Itoe humo."

Mwenda alibonyeza, na jina likafutika. Filsan hakulia. Kilio kilikuwepo, lakini hofu ilikuwa imekikalia. Mume aliyesema yuko Bute alikuwa nyuma ya ukuta wake mwenyewe, anapekua nyumba yake kwa kamera. Yule kijana wa Alhamisi alikuwa ametumwa naye kweli. Kama ana mwanamke mwingine mjini, hilo lingeeleweka. Lakini mwenye mwanamke hatafuti mlango wa stoo.

Alimpigia Zilpah.

"Wameshajua alipo," alisema. "Njoo sasa."

"Nani?"

"Sijui. Njoo."

"Nilikuwa Modika, nageuza gari," alisema Zilpah, na injini ikasikika ikipanda. "Filsan, nisikilize. Weka komeo langoni. Usimfungulie mtu yeyote, hata awe nani, mpaka usikie sauti yangu. Umeelewa? Hata awe nani."

Filsan alitoka akatembea hadi langoni bila kukimbia, akasukuma komeo la ndani mpaka mwisho. Arbia alimwona akafanya kama hajaona. Bado alikuwa amenuna.

*

Aligonga mlango wa stoo kwa mkono wake, kama alivyoahidi. Ndani kulikuwa na joto la magunia na harufu ya mtama. Mulki alikuwa amekaa sakafuni amekumbatia magoti.

"Deeq yuko Garissa," alisema Filsan. "Hakuniambia. Yuko nje hapo, na ndiye anayeigeuza kamera. Mulki, mume wangu anakutafutia nini?"

Mulki hakushangaa, na Filsan aliliona hilo. Mtu asiyejua kitu angeshangaa.

"Uliniambia nisimwambie," Filsan aliendelea. "Nilidhani unamwogopea mdomo wake sokoni. Sema."

"Najib alishika tochi," alisema Mulki.

"Najua. Uliniambia."

"Najib alishika tochi tu, abaayo. Bunduki ilikuwa kwa mwingine."

"Ulimwambia Zilpah hukuuona uso wake."

"Nilimdanganya Zilpah."

Nje mbuzi mmoja alilia, Arbia akamnyamazisha kwa jina.

"Alimwita Ndirangu kwa jina kabla ya kupiga," alisema Mulki. "Alimwambia, Ndirangu, ulipaswa kupita njia ya Wajir. Aliongea kwa upole, kama mnavyoongea mezani. Niliijua ile sauti kabla sijauona uso. Ni sauti inayoniletea zawadi kila Idd. Nilikuja hapa nikwambie wewe kwanza, kabla ya hakimu. Kwa nini unadhani nilikataa nyumba ya polisi? Kila asubuhi najiambia leo nitasema. Halafu unaniletea canjeera na chai, unakaa hapo, unaniambia jinsi unavyomngoja arudi, nami nashindwa."

Filsan alisikia kila neno. Alimtazama mdogo wake akitafuta dalili ya uongo, ya wazimu, ya chochote. Akaiona huruma tu, na huruma ile ilimuumiza kuliko maneno.

Alitaka kumpiga, na alitaka kumkumbatia. Hakupata nafasi ya lolote.

Funguo ziliingia kwenye kufuli la lango. Hakuna aliyebisha hodi. Kufuli lilizunguka kwa urahisi, likiwa limezoea mkono ule. Lango likasukumwa, likagota kwenye komeo. Likasukumwa tena.

"Filsan," iliita sauti ya upole. "Mbona mmeweka komeo? Ni mimi."

"Deeq?" Arbia aliiacha ndoo ya maji ikaanguka. Kununa kote kulimtoka usoni. "Mwanangu? Umefika?"

Alikuwa tayari anatembea. Mama wa umri ule, mwenye magoti mabovu, alikuwa anatembea kama msichana.

Filsan alitoka mbio. Mwenda alikuwa amesimama katikati ya uani, hajui amzuie mama mtu mzima kwa mkono gani. Arbia alifika langoni akashika komeo.

"Hooyo, usifungue."

"Umeshikwa na nini leo?" Arbia hakugeuka. "Kwanza paswedi, sasa mtoto wangu mwenyewe?"

"Usifungue, nakuomba kwa Mwenyezi Mungu. Polisi wako njiani."

Neno polisi lilimgeuza. Alimtazama mkwewe, mkono ukiwa palepale.

"Mwanangu yuko nje kwenye jua hili, na lango la nyumba yake limefungwa kwa ndani. Nipe sababu. Moja tu, nami naondoa mkono."

Sababu Filsan alikuwa nayo. Ilikuwa mdomoni, na ilikuwa fupi. Aliutazama uso wa mama huyu aliyejaliwa mtoto mmoja tu aliyeishi, ambaye hajawahi kumrudisha mtu mlangoni kwake tangu aolewe. Akajua kwamba akishaisema, Arbia hatakuwa tena na mwana wa kumngoja, na yeye hatakuwa na mume. Nyuma yake, stoo ilikuwa kimya.

"Amemuua mtu," alisema. "Yule dereva wa Buna. Mulki alimwona. Amekuja kummaliza Mulki."

Arbia aliutazama mlango wa stoo. Midomo yake ilisogea kidogo, kama anayehesabu majina. Barabarani, mbali sana, gari lilikuwa linakuja, au labda lilikuwa linapita tu.

Nje ya lango Deeq alikuwa amesikia, au hakusikia. Aliusogeza mdomo wake kwenye upenyo wa bati, karibu kabisa na mkono wa mama yake.

"Hooyo," alisema kwa upole. "Nimetembea toka stendi. Nina kiu."

Mkono wa Arbia ulikuwa bado juu ya komeo.